Kipande cha Jana na Kompyuta ya Leo

Ngaremara ni mahali pakavu kaskazini ya mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Archer's Post, Marsabit hata Moyale. Wakaaji wake wengi ni Waturkana, na mali yao kubwa ni mifugo. Msomaji aweza kushangaa akisikia kwamba mahali kama hapo palizuka hoja juu ya kompyuta. Lakini ilizuka, tena katika darasa langu la historia. Kompyuta ya shule ilionyesha maandishi kwenye kioo chake kusema kwamba mfumo endeshi wake, yaani ile programu kuu iziamrishayo programu nyingine zote, umekwisha kupitwa na wakati, na kwamba yafaa kutiwa mpya. Chini yake palikuwa na masharti marefu kwa Kiingereza cha mawakili, na mwisho wa masharti palikuwa na kitufe cha kukubali. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huo mpya ukiingia, utachukua nini kwetu?"

Nilikuwa na haraka ya kuanza somo. Nikamjibu kwamba hilo ni swali la mwalimu wa kompyuta, si la mwalimu wa historia. Usiku, nilipokuwa nikisahihisha madaftari, niliona kwamba nimekosa. Swali lile ni la historia hasa, na katika Kenya limeulizwa zaidi ya mara moja kabla kompyuta hazijaonekana.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika. Vita Kuu ikaichelewesha, ikaanza kutumika mwishoni mwa 1919 na katika 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia umri wa miaka 16 alipaswa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kibweta cha chuma kilichofungwa uzi na kuvaliwa shingoni. Hicho ndicho kipande. Lakini jina na kabila hayakuwa mambo makubwa yaliyoandikwa humo. Makubwa yalikuwa jina la bwana aliyemwajiri mtu huyo, kazi aliyofanya, mshahara aliopewa, siku aliyoanza kazi na siku aliyoacha. Bwana asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mtu yule hakuweza kuajiriwa penginepo kwa halali. Na bwana mpya, akiusoma mshahara wa zamani, alijua mara moja hana haja ya kutoa zaidi.

Nawaomba wasomaji walitazame jambo hilo kwa makini, maana watu wengi hudhani ubaya wa kipande ulikuwa ule uzito wa chuma shingoni. Chuma kilikuwa fedheha, ni kweli, na wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi. Lakini madhara yalikuwa katika maandishi. Mvaaji aghalabu hakujua kusoma, kwa hivyo alichukua kifuani pake habari zake mwenyewe ambazo kila mtu mwenye amri juu yake aliweza kuzisoma isipokuwa yeye. Nakala ya alama zake ilikuwa Nairobi, katika ofisi ambayo hakupata kuiona. Akitoroka kazi, alitafutwa kwa nakala ile.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko ya Harry Thuku na chama chake cha East African Association, pamoja na kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake kulazimishwa kazi. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, risasi zikapigwa, na watu zaidi ya 20 wakafa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Hata hivyo kipande kilidumu miaka mingine 25.

Huku kwetu kaskazini mambo yalikuwa ya namna nyingine. Wilaya zetu zilikuwa zimefungwa kwa sheria ya 1902, na baadaye kwa sheria ya 1934. Mgeni hakuingia bila hati, wala mwenyeji hakutoka apendavyo. Isiolo, makao ya serikali ya Wilaya ya Mpakani Kaskazini, ndiyo iliyokuwa lango. Basi mtu wa hapa haoni ajabu kuulizwa karatasi yake njiani, na labda ndiyo sababu wanafunzi wangu walilielewa somo hili upesi kuliko nilivyotazamia.

Sasa nitaeleza kisa ambacho vitabu vingi vya shule hukipita haraka, nami nakiona kuwa kiini cha habari yote. Mwaka 1947 sheria mpya ilitungwa ili kukiondoa kipande na kuandikisha watu wa rangi zote, Wazungu na Wahindi kadhalika. Kila mtu angetoa alama za vidole. Ndipo walowezi wa Kizungu walipokasirika! Walifanya mikutano, wakasema kwamba alama za vidole ni za wahalifu, na kwamba ni aibu kwa mtu mwungwana kupakwa wino mikononi. Watu hao ndio walioona ni sawa kwa miaka karibu 30 kila Mwafrika wa kiume apakwe wino uo huo. Mwisho wake, baada ya uchunguzi wa Sir Bertrand Glancy, serikali ililegeza kamba. Mtu aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aliruhusiwa kutoa picha na sahihi yake badala ya alama za vidole. Mlango haukuitwa mlango wa Wazungu, lakini kila mtu alijua ni nani waliofaa kuupita.

Kwa hiyo walowezi walijua vema kabisa maana ya faragha. Walijua kwamba mtu hapaswi kutoa habari za mwili wake bila sababu ya kutosha. Walilolikosa ni kuona kwamba jambo hilo lamhusu na jirani yao.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 uandikishaji haukukoma. Wakati mwingine uliumiza. Mwishoni mwa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kuchujwa upya, wakapewa kadi za pekee kuthibitisha uraia ambao wenzao hawakuulizwa. Sitakaa hapo, ingawa katika Isiolo wapo wazee wasiopenda kuitaja habari hiyo hadi leo.

Tarehe 2 Aprili 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua huko Machakos uandikishaji wa Huduma Namba. Serikali ilisema kwamba rejista za zamani zimetawanyika, na kwamba zitakusanywa zote katika mfumo mmoja wa kompyuta, uwe chanzo kimoja cha ukweli juu ya kila mtu. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mtu aliyewahi kutumwa kutoka ofisi hii hadi ile kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa ajua faida yake. Lakini sheria iliyoanzisha mfumo huo, iliyotiwa sahihi mwishoni mwa 2018 ndani ya mswada wenye mambo mengi mengine, ilikuwa imetaja pia DNA, yaani alama za urithi zilizo katika damu na mate, pamoja na vipimo vya GPS vya mahali mtu akaapo. Fikiri, msomaji: mfugaji wa Ngaremara ahamaye na mifugo wakati wa kiangazi, kipimo chake kitawekwa wapi? Na DNA ya mtu si yake peke yake, ni ya wazazi wake na watoto wake ambao hawakuulizwa.

Shirika la Nubian Rights Forum na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 1 Aprili 2019, siku moja kabla ya uzinduzi, mahakama ilikataza serikali kumlazimisha mtu au kumnyima huduma kwa kukosa kujiandikisha. Watu karibu milioni 38 walijiandikisha hata hivyo. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba DNA na GPS haviruhusiwi na Katiba, na kwamba mfumo hauwezi kuendelea pasipo sheria na kanuni za kutosha. Tegemeo lao lilikuwa Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kisemacho kwamba habari za jamaa ya mtu na mambo yake ya faragha zisitakiwe wala kufichuliwa pasipo lazima. Kisha tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kwamba kadi zilianza kutolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari zake, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka.

Sasa na turudi kwenye kompyuta ya shule, kwa maana habari zake zafanana na hizo kuliko mtu anavyodhani. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, ikawapa bure kwa mwaka mmoja wengi waliokuwa na matoleo ya nyuma. Mfumo huo ulipeleka kwa kampuni habari nyingi zaidi za matumizi ya mashine, na kila mtumiaji alipewa namba ya matangazo. Mwezi Julai 1916 kipande kilikuwa bado karatasi za sheria tu. Miaka 100 baadaye, Julai 2016, mamlaka ya faragha ya Ufaransa, iitwayo CNIL, iliionya kampuni hiyo kwamba inakusanya kupita kiasi, hata kujua mtu ana programu zipi na amezitumia muda gani. Kampuni ilipunguza, na shauri likafungwa katika 2017. Mwaka 2024 ikatangaza chombo kiitwacho Recall, kinachopiga picha ya kioo kila baada ya sekunde chache ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona zamani. Makelele yakawa makubwa, kikaahirishwa, na kilipotolewa mwaka 2025 kilikuwa kimefungwa mpaka mwenyewe akifungue.

Haifai nimwonyeshe msomaji upande mmoja. Mfumo wa zamani nao una hatari zake. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kiliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150, hasa zile ambazo hazikutiwa marekebisho. Mtu ang'ang'aniaye mashine isiyotengenezwa tena huweza kuilinda faragha yake dhidi ya kampuni na kuiacha wazi kwa mwizi.

Lakini tazama yaliyotokea Windows 10 ilipoachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai kompyuta iwe na kipuri cha usalama ambacho mashine nyingi kongwe hazina, na kwa watu wa kawaida hudai pia akaunti ya Microsoft na intaneti wakati wa kuitia. Aliyetaka kubaki na ya zamani na kupata marekebisho ya mwaka mmoja zaidi alitakiwa kulipa dola 30, au kutumia pointi alizojipatia kwa kampuni, au kuruhusu mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwa kampuni. Watu wa nchi za Jumuiya ya Ulaya, kwa kuwa sheria zao ni kali na vyama vyao vya watumiaji vilidai, walipewa mwaka huo bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio, ingawa akaunti walitakiwa kuwa nayo. Mtu wa Isiolo hakupewa. Nilipowasomea wanafunzi habari hiyo, msichana mmoja wa kidato cha tatu akasema taratibu, "Mwalimu, hii ni ile ya wino."

Tulirudi kwenye ile kompyuta juma lililofuata. Nilimwomba mwalimu wa kompyuta asibonyeze kitufe, tukayasoma masharti sentensi kwa sentensi, mimi nikifasiri, wao wakiandika ubaoni kila kitu kilichotakiwa: mahali tulipo, matumizi ya programu, mwandiko, namba ya matangazo. Vipindi viwili viliisha hatujafika mwisho. Pale palipotakiwa akaunti tulikwama kabisa, kwa sababu hatukukubaliana iandikwe kwa jina la nani. Mwalimu mkuu alisema iwe lake. Wanafunzi waliuliza kama atakapohamishwa ataondoka nayo.