Kura ya Darasa la Nane

Kila ufikapo mwaka wa uchaguzi sisi waalimu wa vijijini hupata kazi ya pili. Huitwa kukaa mezani kuandikisha watu, au kuhesabu kura usiku kwa mwanga wa taa, na majirani huanza kututazama kwa macho mengine, kana kwamba tumekwisha ingia katika mashauri ya wakubwa. Na mwezi wenyewe huwa Oktoba, wakati ambapo huku kwetu Songea watu wanatayarisha mashamba na kuulizana habari za mbolea. Gari la mgombea hupita likipiga kelele, vumbi laangukia mihogo iliyoanikwa, nasi twasikia tena ahadi ya barabara tuliyoisikia miaka mitano iliyopita. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twayasema kwa kuwa ndivyo yalivyo, na kila msomaji ayajua.

Mwaka wa 2015 ilianza desturi mpya ya kuandikisha wapiga kura kwa mashine isomayo alama za vidole. Tulikuwa bado waalimu wageni katika kazi, tukawekwa kuwapanga watu katika mstari. Hata ikafika zamu ya mzee mmoja, mkulima wa tumbaku na mahindi tangu ujana wake. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imelika kwa mpini wa jembe, wala haikuwa na mistari ya kusomeka. Watu waliokuwa nyuma, waliosimama tangu alfajiri, wakaanza kunung'unika. Mzee akatugeukia, akasema, "Mwalimu, baba yangu alikataliwa kwa kuwa hakusoma. Je, mimi nakataliwa kwa kuwa nimelima?" Akaambiwa arudi kesho.

Neno lile lilituchoma. Jioni tukaenda kwake, tukamwamkia, tukamwuliza habari ya baba yake. Akatueleza, nasi baadaye tukasoma vitabu, tukaona kwamba hakuongeza chumvi.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria katika Tanganyika ulifanywa kwa mafungu mawili, la kwanza Septemba 1958 na la pili Februari 1959. Songea ilikuwa katika Jimbo la Kusini, ambalo liliwekwa katika fungu la pili. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21, tena awe amemaliza darasa la nane, au awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe ameshika cheo fulani kilichotajwa katika sheria. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1957 ilionyesha watu zaidi ya milioni nane katika nchi. Walioandikishwa kupiga kura hawakufika 60,000.

Sasa fikirini nyumba ya mzee yule. Kaka yake mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, amepita darasa la nane, yeye aliandikwa. Baba yao alikuwa amelima tumbaku miaka mingi na kuiuza katika ushirika wa Ngoni-Matengo, ulioanzishwa mwaka wa 1936, na kwa fedha hiyo ndiyo alimlipia mwanawe ada. Walakini shilingi 3,000 kwa mwaka hakupata kuziona. Basi mwana akawa mtu wa kuulizwa shauri la nchi, na baba aliyemsomesha akawa mtu wa kunyamaza. Na mama, je? Mzee alicheka tulipomwuliza. Katika siku zile mwanamke wa kijijini aliyefika darasa la nane alikuwa wa kutafutwa kwa taa mchana.

Kura yenyewe ilikuwa na miba. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Kama akiacha mmoja, karatasi yake iliharibika. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kushauriana kama waingie katika uchaguzi wa namna hiyo au waususie. Wengi walikuwa na hasira, nasi hatuwashangai. Mwalimu Nyerere akawasihi waingie, na mwisho wake wakakubali, wakauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Matokeo twayajua: walioungwa mkono na TANU walishinda, na fungu la pili lilipofika kwetu Kusini na kwingineko, viti vingi havikuwa tena na mpinzani.

Sisi twaona kwamba watu wa Tabora walifanya vema. Hata hivyo tusisahau kwamba busara ile ililipiwa na watu ambao hawakuwako Tabora, akina baba yake mzee huyu, walioambiwa wangoje kidogo ili waliosoma wawatangulie mlangoni.

Wala hao waliosoma hawakuwa na raha. Tangu mwaka wa 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu, aliacha ualimu mwaka wa 1955 aliporudi kutoka New York kunena mbele ya Umoja wa Mataifa. Rashidi Kawawa, mtoto wa Songea hii, aliyezaliwa Matimira mwaka wa 1926, naye aliacha kazi ya serikali. Wengine walikuwa na watoto wa kulisha, wakabaki darasani na kuichukua siasa mioyoni. Kaka yake mzee alikuwa mmoja wa hao. Kadi yake ya kura aliificha ndani ya kitabu cha nyimbo, si kwa kumwogopa mkubwa wa shule, bali kwa kumwonea haya baba yake.

Mambo yakabadilika upesi. Mwaka wa 1960 masharti yalilegezwa, akatosha mtu ajuaye kusoma Kiswahili au Kiingereza, au mwenye pato la paundi 75. TANU ikapata viti 70 katika 71, ambavyo 58 havikuwa na mpinzani hata mmoja. Hata Novemba 1962, Nyerere aliposhindana na Mtemvu kwa urais, mtu mzima yeyote aliweza kuandikwa. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni moja, Mtemvu kama 21,000. Baba yake mzee alikwenda kwa miguu, amevaa koti la kanisani.

Lakini uchaguzi aliousimulia mzee kwa furaha ni ule wa Septemba 1965, wa chama kimoja. Katika karibu kila jimbo wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU, wakahutubia mkutano mmoja, kwa Kiswahili tu, bila kutaja kabila wala dini. Kwa ajili ya wasiojua kusoma kila mmoja alipewa alama, huyu jembe, huyu nyumba. Basi pakawa na mabishano vilabuni! Wa jembe walisema, "Bila jembe mtakula nini?" Wa nyumba wakajibu, "Na jembe lenu mtaliweka wapi mvua ikinyesha?" Ni kweli kwamba asiyependa jembe wala nyumba hakuwa na pa kwenda, na jambo hilo lilingoja mpaka sheria ya vyama vingi ya mwaka wa 1992. Ila wakubwa walianguka mwaka ule, hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, na baba yake mzee alilipenda hilo kuliko yote. Alichagua jembe. Alipoulizwa kwa nini, alisema kwamba nyumba yake yavuja.

Asubuhi ya pili mzee alirudi mstarini. Tukamletea maji na sabuni, akaosha mikono, akaifuta kwa shuka, akajaribu kidole kimoja kimoja. Gumba la kushoto likakubaliwa. Alipopewa kadi akaitazama picha yake kwa muda, akasema wamemfanya mzee mno, kisha akashika njia ya shambani.