Stima ikirudi, nani anakukumbuka?

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ni stima. Hapa Ngoingwa, Thika, ilipotea jioni moja ikarudi baada ya nusu saa. Kompyuta yenye diski zangu ilizimika. Seva ndogo inayozitumia kupitia mtandao ilibaki kwenye betri. Stima iliporudi, seva ilikataa kuandika hata shilingi moja katika hesabu za chama cha akina mama wa mtaani. Kesho yake ilikuwa siku ya mchango. Mweka hazina akanipigia: "Kijana wangu, hesabu zetu ziko?" Nikamjibu, "Ziko, mama. Ni mlango tu umefungwa."

Kosa lilikuwa langu. Siku chache kabla nilikuwa nimebadilisha neno la siri upande wa diski, nikasahau upande wa seva. Mbona basi kazi iliendelea vizuri hadi stima ilipopotea? Jibu liko kwenye historia.

Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitengeneza NFS, itifaki ya kutumia faili zilizo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba ziko kwako. Waliamua seva isikumbuke wateja wake. Kila ombi lilijitosheleza: nipe faili hii, kuanzia hapa, kiasi hiki. Seva ikizimika, mteja anarudia ombi lile lile mpaka ajibiwe. Rahisi kabisa! Ila utambulisho ulikuwa wa kuaminiana tu. Kompyuta ya mteja ilisema "huyu ni mtumiaji nambari fulani", na seva ikakubali.

Toleo la nne, lililochapishwa mwaka 2000, lilibadilisha mambo. Seva ilianza kukumbuka nani amefungua au kufunga faili gani kwa kufuli, na ikizinduka huwapa wateja muda wa kudai upya vilivyokuwa vyao. Toleo hilo hilo lilidai seva ziweze kutumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha mtu kweli. Si bahati tu. Ukimtunzia mtu mali, sharti umtambue akirudi kuidai.

iSCSI, niliyoitumia mimi, ilichapishwa Aprili 2004. Hupeleka amri za diski kwenye mtandao wa kawaida. Pande zote mbili hutunza kikao, na amri hupewa nambari za mfululizo. Kikao huanza kwa kuingia, mara nyingi kwa CHAP, njia iliyotoka ulimwengu wa simu na modemu, ambayo maelezo yake ya mwaka 1996 bado yanatumika. Diski hutuma fumbo la kubahatisha, seva hulichanganya na neno la siri na kurudisha jibu. Neno lenyewe halisafiri.

Sasa mnaona? Katika iSCSI, CHAP huuliza mlangoni tu. Kikao changu kilikuwa kimefunguliwa kwa neno la zamani, kikaendelea bila kuulizwa tena. Stima ilikiua, seva ikabisha hodi upya na neno lililokwisha kubadilishwa, ikafukuzwa.

Waliobuni iSCSI walipanga kwa sekunde: isipobadilishwa, mteja husubiri 2 kabla ya kuunganisha tena, na kazi iliyokatika hutunzwa kwa 20. Linux kwa kawaida huvumilia 120 kabla ya kuitangazia programu kwamba diski haipo. Huku kwetu tumbili mmoja aliangukia transfoma kituo cha Gitaru tarehe 7 Juni 2016, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Kwa hiyo hapa kikao kufa ni jambo la kawaida. Kuingia upya ndiko kunakotuokoa, na ndiko nilikokuwa sijakujaribu.

Niliweka neno jipya, nikakagua diski, nikalinganisha na daftari la mweka hazina. Hakuna kilichopotea. Siku hizi nikibadilisha neno la siri, nakata kikao mwenyewe mchana na kuingia tena, nikiwa macho.

Haya, ngoja nichapishe hii kabla stima haijaenda tena.