Stroberi, Tunda Lisilosubiri

Juni inapoingia, huku pwani kusi inavuma na kule Njombe na Limuru watu wanatafuta masweta. Kaskazini mwa dunia mwezi huohuo ndio unaowatoa watu nje. Kuanzia Sweden hadi Kanada, familia hushika vikapu na kwenda mashambani kuchuma stroberi. Wakirudi, jikoni hunukia jamu, keki hupakwa krimu na majirani hualikwa. Desturi ya kuyapokea majira ya joto kwa tunda hili ni kongwe, ila stroberi kubwa nyekundu inayopamba meza za leo haijatimiza hata miaka 300. Ili izaliwe, yalihitajika mabara matatu, jasusi mmoja na wakulima wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Ulaya ya zamani iliijua stroberi pori, kitunda kidogo kama ncha ya kidole, chenye harufu tamu. Watu walikiokota msituni, na wakubwa wakakihamishia bustanini. Katika karne ya 14, Mfalme Charles wa Tano wa Ufaransa alikuwa na miche ipatayo 1,200 kwenye bustani zake za kifalme mjini Paris. Pamoja na kutunzwa hivyo, tunda lilibaki dogo.

Ng'ambo ya Atlantiki, wenyeji wa Amerika Kaskazini walikuwa na stroberi yao na heshima yake. Kwa Wahaudenosaunee, baadhi ya wenyeji hao, stroberi ndiyo kiongozi wa matunda, kwa kuwa hutangulia mengine kuiva. Kila inapoiva, kwa kawaida mwezi Juni, hukusanyika kwa ibada ya shukrani na kunywa maji yaliyochanganywa na stroberi zilizopondwa. Mwaka 1643, Roger Williams, mhubiri Mwingereza aliyeishi New England, aliandika kwamba wenyeji wa huko walizitwanga kinuni, wakazichanganya na unga na kupata mkate. Wakoloni walichukua miche ya stroberi hiyo, iitwayo ya Virginia, wakaipeleka Ulaya.

Huyo ndiye mzazi wa kwanza wa stroberi ya leo; mzazi wa pili alitoka kusini. Nchini Chile, wenyeji wa huko, Wamapuche, walikuwa wamelima stroberi kubwa kwa vizazi vingi. Mwaka 1712, Ufaransa ilimtuma mhandisi wa jeshi, Amédée-François Frézier, akajifanye mfanyabiashara huku akichunguza ngome za Wahispania katika pwani ya Chile na Peru. Alipofika Concepción, alichora ramani za ngome kama alivyoagizwa, lakini macho yake yalivutwa pia na matunda ambayo hakuwahi kuona ukubwa wake. Mwaka 1714 alirejea na miche melini. Safari ilichukua miezi sita, na maji matamu ya kunywa yalikuwa ya kugawana na mimea. Miche mitano ilifika ikiwa hai.

Ikastawi, ikachanua, lakini haikuzaa. Miche yote ilikuwa ya kike, na Frézier hakujua. Jibu lilipatikana Brittany, magharibi mwa Ufaransa, katika mashamba ya Brest na Plougastel. Huko ilionekana kwamba stroberi ya Chile ikipandwa kando ya ile ya Virginia huzaa. Chavua ya mmoja ililifikia ua la mwingine, na kutoka kwa mbegu zake ikachipuka aina mpya: kubwa kama mama yake wa Chile, nyekundu na yenye ladha kama baba yake wa Virginia. Kijana Antoine Nicolas Duchesne, aliyekuwa akichunguza stroberi katika bustani za Versailles, ndiye aliyeeleza siri hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1766. Sayansi ya leo inaongeza kwamba wazazi wote wawili wana seti nane za kromosomu, wakati ile ya misitu ya Ulaya ina mbili tu. Ndiyo maana wageni hao wawili walipatana.

Tunda likapata ukubwa na utamu, lakini lilikuwa na tabia moja iliyoamua historia yake yote: halisubiri. Embe na ndizi huchumwa mbichi zikaivia ndani. Stroberi ikishakatwa kikonyo haiongezi utamu, na baada ya siku chache huoza. Mwaka 1821, mkulima Michael Keens wa Isleworth, karibu na London, alitoa aina iliyosifiwa kote Uingereza. Ili matunda yafike sokoni Covent Garden bila kupondeka, wanawake waliyabeba kichwani kwa miguu, mwendo wa kilomita kama 15. Gari la farasi lingeyatikisa mno.

Palipokosekana mbebaji, watu walilifuata tunda lenyewe. Nchini Marekani, Eliza Leslie alichapisha mwaka 1847 maelekezo ya keki ya stroberi, na katika karne hiyo makanisa ya vijijini yakazoea kuandaa tafrija za stroberi mwezi Juni. Kina mama walioka, wakulima walileta mavuno, na fedha zilizopatikana zilitengeneza paa au kununua vitabu. Yaliyozidi yalipikwa jamu siku hiyohiyo. Reli na mabehewa ya barafu yalipokuja, watu wa mijini nao wakapata sehemu yao.

Sweden nayo ina sikukuu ya katikati ya majira ya joto, ambayo tangu 1953 huangukia Jumamosi kati ya Juni 20 na 26. Familia hutoka mijini, hucheza kuzunguka mlingoti uliovikwa majani na maua, kisha hula samaki waliolowekwa katika siki, viazi vichanga na, mwishoni, stroberi kwa krimu. Nchini Uingereza, katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakulima wengi walifungua mashamba ili kila mtu ajichumie na kulipia alichokichuma. Leo maduka ya huko yanauza stroberi hata Januari, lakini ikifika Juni mashamba hayo bado hujaa wazazi na watoto, kwa sababu iliyoivia shambani ni tamu kuliko iliyosafirishwa.

Katika sherehe hizo zote, ni nadra kusikia Wamapuche wakitajwa. Frézier ana nafasi katika vitabu na Duchesne anasomwa vyuoni, ilhali waliochagua mbegu kubwa msimu kwa msimu, karne kwa karne, wameachwa nje ya karamu waliyoiandaa. Wahaudenosaunee hushukuru kwanza ndipo wakala. Huo ndio utaratibu unaostahili kila meza yenye stroberi, iwe Stockholm, Toronto au kwenye vilima vya Limuru ambako tunda hili sasa linalimwa.