Mbuzi Wawili na Parandesi

Muhula mmoja kabla sijaacha chuo kule Embu, mjomba wangu aliuza mbuzi wawili kwa sababu ya alama mbili ambazo sikuzisikia.

Mimi sioni. Taarifa ya karo niliifungua kwenye laptopu, sauti ikanisomea: salio, 12,500. Nikampigia mjomba kule Igoji. Hakuuliza mengi. Kesho yake mbuzi walikwenda sokoni, jioni pesa ikaingia kwa simu. Nilipofika dirishani kulipa, karani akacheka. "Hii iko ndani ya mabano, kijana. Hudaiwi. Wewe ndiye unakidai chuo."

Wahasibu huweka nambari hasi ndani ya parandesi. Mashine ilikuwa imesoma tarakimu na kumeza parandesi. Nikajiuliza, ni nani aliyeifunza kumeza?

Breli haimezi. Niliisoma nikiwa mdogo, katika shule ya wasioona ya St. Lucy, Igoji. Louis Braille aliichapisha mwaka 1829: nukta sita, na kila alama ina nafasi yake sawa na herufi. Mkato ni nukta ya pili. Ritifaa ni nukta ya tatu. Ukifika kwenye parandesi, kidole kinajikwaa, upende usipende.

Kompyuta ilipoanza kusema, mambo yakabadilika. Mwaka 1989 Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana kwa pikipiki kabla ya ajali ya gari kumpofusha mwaka 1978, alitoa programu ya JAWS. Watengenezaji wa programu za aina hii walikuwa na swali gumu. Ukitaja kila alama, msikilizaji atachoka kabla ya aya ya pili: mkato, nukta, mkato, nukta. Usipotaja yoyote, mbuzi wanauzwa. Jibu likawa viwango.

Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianzisha NVDA, programu ya bure. Ndiyo iliyofika kwangu, ndani ya flashi ya rafiki. Ina viwango vinne vikuu: hakuna, baadhi, nyingi, zote. Inakuja ikiwa kwenye "baadhi". Hapo alama ya asilimia inatajwa, lakini parandesi inangoja hadi "nyingi". Hakuna aliyenionea. Mtu fulani, mbali sana na Embu, alikisia tu kwamba wengi wetu tunasoma hadithi, si madeni.

Kwa hasira nikaiweka kwenye "zote". Nikafungua insha yangu ya Kiswahili, na ng'ombe akawa "ng tick ombe". Ng'ambo, ng'oa, ng'ara, zote tick, tick, tick. Kwa Mwingereza ritifaa ni kialama tu. Kwetu ni sehemu ya sauti yenyewe. Ukiitoa, ng'oa si ng'oa tena.

Dawa ilikuwepo tangu 2011, mimi ndiye sikujua. Toleo la mwaka huo liliongeza orodha ambapo mtumiaji mwenyewe anapanga jina la kila alama na kiwango chake. Nikakesha nayo usiku mmoja. Parandesi ya kufungua nikaiita "bano", ya kufunga "funga", zitajwe siku zote. Ritifaa ya katikati ya neno, kimya. Mkato usitajwe, lakini sauti ipumue.

Sitadanganya kwamba niliacha chuo kwa sababu ya mabano. Karo ya mwaka uliofuata ndiyo ilinishinda, na hiyo niliisikia vizuri kabisa. Pesa ya mjomba niliirudisha siku ileile. Lakini mmoja wa wale mbuzi alikuwa na mimba, na aliyemnunua alikataa kumrudisha.

Siku hizi naandika kwa malipo. Nikimwambia mjomba kuna mteja ananidai au ninamdai, swali lake ni moja: "Na mabano, umeyasikia?"