Jaa la Kigombe na Mabaki ya Korona

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani utafika Kigombe, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Muheza. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni nchi ya mkonge. Nyuma ya nyumba za pwani ile hukosi kuona jaa: majivu, magamba ya samaki, machicha ya nazi, maganda ya muhogo. Na kando ya jaa hukosi mgomba au mboga, tena ilivyonawiri kuliko ya shambani! Aliyepanda pale hakuhudhuria semina yoyote. Hata makumbi ya nazi wazee wetu hawakuyatupa. Waliyafukia kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha wanawake wakayaponda kupata usumba wa kusokota kamba.

Naanza na jaa kwa sababu imekuwa desturi kusema kwamba wananchi hawajui thamani ya taka, kwa hiyo waelimishwe kutengeneza mboji. Waelimishwe, sipingi. Lakini historia ya mkoa wa Tanga ina swali lake. Kwa miaka zaidi ya mia moja, ni nani hasa aliyekuwa akitupa, na ni nani aliyekuwa akifundishwa?

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyonusurika safarini ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa, na hakuna nchi iliyotushinda. Hayo tulifundishwa shuleni. Hatukufundishwa habari ya kile kilichobaki kwenye korona, ile mashine inayosaga majani na kutoa singa. Katika kila tani 100 za majani, singa ni kama tani 4 tu. Zinazobaki ni nyama ya jani na maji yake. Basi ndugu msomaji, chukua kalamu upige hesabu: katika mwaka ule mmoja mabaki yalipita tani milioni 5, na sehemu kubwa ilikuwa ya Tanga.

Yalikwenda wapi? Baadhi ya mashamba yaliyarudisha kwenye udongo. Mengi yalisukumwa kwa maji hadi mabondeni na mitoni, yakaozea huko. Aliyewahi kupita jirani na korona hahitaji kusimuliwa harufu yake. Na udongo uliotoa majani yale haukurudishiwa kitu, ukachoka.

Wala tusiseme kwamba dawa haikujulikana. Kituo cha utafiti wa mkonge kilianzishwa Mlingano, karibu na Ngomeni, mwaka 1934, na wataalamu wake waliona jinsi mkonge unavyonyonya rutuba ya ardhi. Wakati huohuo Mwingereza Albert Howard alikuwa amekwisha kutangaza njia ya mboji aliyoifanyia kazi Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931. Unapanga majani, samadi, udongo na majivu kwa matabaka, unanyunyizia maji, unageuza, na baada ya miezi mitatu hivi una mbolea. Howard mwenyewe alikiri kwamba somo alilipata kwa wakulima wa Mashariki. Katikati ya miaka ya 1930 njia hiyo ilitumika kwa mabaki ya mkonge kwenye shamba moja la Taveta, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Kenya. Taveta si mbali, lakini Tanga iliendelea kumwaga.

Aliyeletewa mafunzo ni mwingine kabisa. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kuokoa ardhi ya Mlalo, huko Usambara. Wakulima wadogo waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na kwa sheria, asiyetii akabiliwe na adhabu. Kazi ile nzito iliwaelemea hasa wanawake. Watu wakakataa, na chuki ya matuta ikageuka siasa. Pengine matuta yenyewe yalikuwa na faida. Nani angeisikia faida huku akitishwa faini?

Sasa linganisha na mwaka 1973. Radio Tanzania ilipotangaza kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha wenyewe wakaamua la kufanya kijijini kwao. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Najua wapo walioshurutishwa na wakubwa wao, tusijidanganye, ila waliojadili walikuwa wengi. Mwaka 1994, mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga, uliosaidiwa na Ireland, ulipofika Kigombe kama moja ya vijiji vya majaribio, nao ulianza kwa kuwauliza wanakijiji matatizo yao. Uvuvi wa baruti ukatajwa wazi.

Na wenye korona je? Ilibidi tungoje hadi miaka ya 2000 ndipo kampuni ya Katani ijenge Hale mtambo wa kuvundika mabaki ya mkonge, yakatoa gesi ya kuzalisha umeme, na masalia yake yakawa mbolea. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita tangu miche ya Hindorf.

Jambo moja limebadilika pale jaani: plastiki. Kwa miaka mingi mama wa nyumbani aliambiwa asitupe ovyo mfuko aliopewa dukani. Tarehe 1 Juni 2019 sheria ikamgeukia anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza, na kwa muda mfupi mifuko ile ya kubebea ikatoweka madukani. Chupa za maji hazikuguswa. Bado zinauzwa kila kituo cha basi kutoka Tanga hadi Pangani, na bado zinaishia jaani na baharini.