Karatasi moja, shule mbili: mitihani ya taifa Kitengela na Kajiado

Mtihani wa taifa hutungwa na baraza moja, ukafanywa na watoto wa nchi nzima siku moja, saa moja. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, lililoundwa mwaka wa 1980. Kwa miaka mingi uliotisha zaidi ni KCPE, ulioanza 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Masomo matano, alama 500, siku tatu. Mtoto aliyeamka na homa siku hizo, miaka minane ilikuwa imekwenda na maji.

Ila homa si kasoro kubwa. Kubwa utaiona ukizunguka kaunti moja tu, Kajiado. Kitengela, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, ilihesabiwa watu zaidi ya 154,000 mwaka wa 2019. Ni mji wa wapangaji na mabasi ya shule za kibinafsi, na jioni mtoto ana taa na kitabu. Shuka Magadi au Mashuuru, kwenye nchi ya wafugaji, umbali wa kwenda shule peke yake ni somo. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Familia zilihama na mifugo kutafuta nyasi, wavulana wakaenda nayo, na ukame kama huo ndio huharakisha posa za wasichana wadogo. Mwisho wa 2022, katikati ya ukame huo, watoto wa gredi ya 6 walifanya KPSEA kwa mara ya kwanza, na darasa la nane KCPE. Karatasi zilikuwa zile zile za Kitengela.

Lipo pia suala la lugha. Mtoto wa Kimaasai huingia darasani na Kimaa, halafu aulizwe sayansi kwa Kiingereza. Sisi wa pwani tusijione tumesalimika: mtoto wa Lamu aliyelelewa kwa Kiamu huandika insha kama asemavyo nyanyake, akakatwa alama kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Jambo jingine ni mtihani unavyobadili ufundishaji. Shule zilipokuwa zikipangwa kwa wastani wa alama, wapo wakuu waliolazimisha watoto dhaifu kurudia darasa ili wastani usishuke. Michezo na sanaa zilifutwa kwenye ratiba, Jumamosi ikawa siku ya majaribio. Mtoto alijua kuchagua A, B, C au D, na asijue kueleza kwa nini.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulikuja kutibu hayo. Kwa nafasi za sekondari pevu, KJSEA ya gredi ya 9, iliyofanywa kwanza 2025, ina asilimia 60, KPSEA asilimia 20, na tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Ni hatua ya maana, kwani siku moja haibebi tena kila kitu. Hata hivyo, tathmini ya shuleni inahitaji shule. Sekondari msingi ziliwekwa ndani ya shule za msingi Januari 2023, nyingi zikiwa hazina maabara. Serikali ilipanga shilingi 15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini fedha hizo mara nyingi huchelewa, na mzazi ndiye anayenunua manila na rangi za mradi. Mwenye duka la vifaa karibu Kitengela atapata. Wa Magadi, kama wa Kinango au Ganze huku kwetu, atategemea nauli.

Yapo basi mambo ambayo mzazi wa shule ya umma anaweza kuyafanya bila kungoja Nairobi. Alama za tathmini za gredi ya 7 na 8 hutumwa na shule kwa KNEC, mtoto akiwa bado miaka miwili au mmoja kufika KJSEA. Nenda uzione na uulize zimetokana na kazi gani. Kama somo halina mwalimu, litajwe kwenye mkutano wa wazazi na liandikwe kwenye kumbukumbu, mapema, kabla ya matokeo kutoka na mtoto kuambiwa hakujitahidi.