Maradhi Yasiyobisha Hodi

Maradhi mengi yamjiapo mtu hubisha hodi. Homa humtetemesha, jino humnyima usingizi, naye hujipeleka mwenyewe kwa tabibu bila ya kusukumwa. Presha haina adabu hiyo. Yaweza kukaa mwilini miaka na mikaka, na mwenyewe ala, anywa, aenda msikitini na sokoni, akiulizwa hali hujibu kuwa hajambo. Hata siku moja kiharusi kikamwangusha. Mnamo 1996 na 1997 walipimwa watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Shari, kijiji cha Kilimanjaro. Katika waliokutwa na presha ya juu, waliokuwa wakijua hawakufika mmoja katika watano. Waliotumia dawa walikuwa kama mmoja katika kumi, na ambao presha yao ilikuwa imeshuka chini ya 140 kwa 90 hawakutimia hata mmoja katika mia.

Mtu atauliza: kwani kipimo chenyewe ni kipya? La, hasha. Mwaka 1733 padri wa Kiingereza, Stephen Hales, alieleza kitabuni jinsi alivyotia mrija katika mshipa wa farasi jike, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Njia hiyo, bila shaka, haimfai binadamu! Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, tabibu wa Turin, Italia, alitengeneza mkanda wa kufungwa mkononi na kujazwa upepo, ukiungwa na zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza jambo dogo lenye manufaa makubwa: kutega sikio. Mkanda ukilegezwa kidogo kidogo, pale mapigo yanapoanza kusikika ndipo namba ya juu, na yanapopotea ndipo namba ya chini. Mpaka leo ndivyo apimavyo muuguzi mwenye mkanda na chombo cha kusikilizia.

Basi tangu 1905 kipimo kipo, na watu hawakuitwa kupimwa kwa umma mpaka miaka ya 1970. Kilichozuia ni nini? Kilichozuia ni waganga wenyewe. Wengi waliamini kwamba mishipa ya mtu mzima ikishakuwa migumu, damu yahitaji nguvu zaidi ili ipite, na kwa hivyo presha ikiachwa ilivyo ndiyo salama. Mwaka 1931 profesa mmoja wa Liverpool, John Hay, alidiriki kuwaambia wenziwe kwamba hatari kubwa ya mwenye presha ni kugunduliwa, kwani hapo hakosi kutokea mpumbavu atakayejaribu kuishusha. Ni maneno ya kuchekesha leo, lakini tusimcheke sana, kwa kuwa wakati ule dawa ya kuaminika haikuwapo.

Aliyelipa gharama ya imani hiyo hakuwa mnyonge. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa na daktari wake wa Ikulu, Ross McIntire, bingwa wa masikio, pua na koo, naye akiwaambia watu kuwa Rais ni mzima. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alipomchunguza alimkuta na 186 kwa 108 na moyo uliokwisha kutanuka. Alimpunguzia chumvi, sigara na kazi, akampa dawa ya moyo. Dawa ya kuishusha presha yenyewe hakuwa nayo. Vita vikaendelea, na mgonjwa akasafiri hadi Yalta kuzungumza na Stalin na Churchill. Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa amekaa akichorwa picha, akasema kisogo chamuuma mno, akaanguka. Presha ilipopimwa ilikuwa imevuka 300 kwa 190. Alikufa siku ile ile, umri wake miaka 63. Mtu aliyeongoza majeshi katika mabara kadhaa aliuawa na kitu kilichopimwa mara nyingi na kisitibiwe.

Dawa ilitoka mashariki, na hapa yafaa tukae kidogo. Matabibu wa Bara Hindi walikuwa wakitumia tangu zamani mzizi wa mmea uitwao Rauwolfia serpentina. Hakim Ajmal Khan wa Delhi, tabibu mashuhuri wa Kiislamu, alitaka elimu hiyo ya wazee ichunguzwe kwa kemia ya kisasa. Yeye alifariki 1927. Mwaka 1931 mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui alitoa katika mzizi huo kiini alichokiita ajmalini kwa jina la mzee huyo. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa Bombay, aliandika katika jarida la Uingereza jinsi mzizi huo ulivyoshusha presha ya wagonjwa wake, na 1952 kampuni ya Uswisi ikatoa ndani yake reserpini.

Reserpini hiyo ilikuwa moja ya dawa tatu alizozijaribu Edward Freis kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani. Watu 143, wote wenye presha kali, waligawanywa mafungu mawili, wengine wakapewa dawa na wengine vidonge vitupu. Matokeo yalitangazwa 1967: katika waliokosa dawa yalitokea madhara makubwa 27, wanne wakafa, katika waliopewa, madhara 2, hakufa mtu. Hoja ya Profesa Hay ikaanguka. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikaanzisha mpango wa taifa wa kuwaelimisha watu juu ya presha, na vipimo vikatoka hospitali vikaenda makazini, makanisani na kwa vinyozi.

Kwa kinyozi hasa, kwa kuwa mwanamume asiyekwenda kwa daktari hukosa visingizio, nywele haziachi kuota. Lakini kupima ni nusu ya kazi. Huko Los Angeles walichukuliwa wanaume weusi 319 wenye presha, wateja wa vinyozi 52. Katika maduka mengine kinyozi alitoa nasaha na kumhimiza mteja aende kwa daktari. Katika mengine mfamasia alikuja pale pale kwenye kiti, akaanzisha dawa kwa makubaliano na daktari, akarudi kumfuatilia. Matokeo yalitoka 2018. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya wale wa nasaha ilishuka kiasi cha 9. Ya wale waliofuatwa na mfamasia ilishuka 27.